Mvuvi wa dagaa: wiki ya mwezi nalala usiku kama watu, na ndiyo naumia zaidi. Ubongo unaharibika?

MvuviWaGiza (saa 2:40 asubuhi)

Mwangaluka wakuu. Nyinyi mnaamka, mimi ndiyo kwanza navua mabuti.

Nina miaka 41, navua dagaa kutokea Igombe, Mwanza, Ziwa Victoria, mwaka wa kumi na saba huu. Kwa asiyejua kazi yetu: dagaa wa ziwani anavuliwa gizani. Jioni saa kumi na mbili tunasukuma mtumbwi, tukifika mbele tunashusha taa juu ya maji, wadudu wanajaa kwenye mwanga, dagaa wanawafuata, tunawazungushia wavu. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi taa za betri, nyeupe mpaka zinachoma macho. Saa kumi na mbili asubuhi tunarudi mwaloni, akina mama wanasubiri na makarai, tunahesabu ndoo, tunabishana na tajiri, mpaka nifike kwangu ni saa mbili. Mwezi ukijaa kazi hakuna. Ziwa zima lina mwanga, dagaa ataifuata taa yako kwa lipi? Hapo tunakaa nyumbani siku nane mpaka kumi tunashona nyavu.

Sasa tatizo langu. Wiki za giza nalala mchana kwa saa nne au tano tu, majogoo yanawika, mashine ya kusaga iko nyumba ya tatu, lakini nakwenda hivyo hivyo. Kinachonimaliza ni wiki ya mwezi, ile ya mapumziko. Siku ya kwanza najiambia leo nalala kama binadamu. Saa nne usiku nimejilaza, macho makavu. Saa nane bado nahesabu misumari ya bati. Saa tisa njaa inaniamsha, natafuta kiporo cha ugali kama mwizi ndani ya nyumba yangu. Asubuhi saa moja mama watoto ananitikisa twende shamba, kichwa kimejaa uji. Hasira za ovyo. Kitambi kimeota na sijui kimetoka wapi, maana kazi nafanya. Na kuna lile la chumbani, wanaume mtanielewa bila kuandika zaidi.

Mwezi uliopita nilisahau dumu la petroli mwaloni. Tumegundua tuko katikati ya maji. Kosa la mtoto wa kwanza kupanda mtumbwi, na mimi ndiye nahodha.

Ningenyamaza, lakini kuna mzee wangu. Ana miaka 73, alivua dagaa zaidi ya miaka thelathini. Sasa anasahau. Mwaka jana alipotea kati ya mwalo na nyumbani, njia aliyopita maisha yake yote. Jua likizama anaanza kuhangaika, anazunguka ua akiuliza, "Taa ziko wapi? Mmeweka mafuta?" Nikimtazama najiona mimi.

Kijana wa duka la dawa kaniambia kutolala kunaua seli za ubongo, kisha akaniuzia Piriton, ile dawa ya mafua na mzio, nipate usingizi. Je, ni kweli zinakufa? Na kwa nini mwili unanigomea wiki ninayoupa raha?

BodaWaPasiansi (saa 2:58 asubuhi)

Mkuu piga mbili tatu za moto saa tatu usiku, utalala kama gogo. Sisi huku kijiweni ndiyo dawa.

MvuviWaGiza (saa 3:05 asubuhi)

Hiyo nilishaimaliza ndugu yangu. Kulala nalala. Saa tisa naamka moyo unakimbia na koo kavu, na hapo silali tena. Ngoja nikajilaze, nitasoma jioni.

NesiWaZamu (saa 5:20 asubuhi)

Pole kaka. Nakuandikia nikiwa nimetoka zamu ya usiku jana, kwa hiyo tuko mtumbwi mmoja. Nimefanya zamu za usiku miaka kumi na miwili hapa mjini. Swali lako la pili nitalijibu, la kwanza nawaachia wenye vitabu.

Ndani ya ubongo, juu kidogo ya pale mishipa ya macho inapopishana, kuna kifundo kidogo cha seli kama 20,000. Hicho ndicho saa kuu ya mwili. Ukiiacha bila kuirekebisha inazunguka kwa saa 24 na dakika kama kumi, kwa hiyo kila siku inahitaji kusawazishwa, na inachotegemea zaidi ni mwanga unaoingia machoni. Haijui kalenda ya mwezi wala haijui umechoka.

Saa hiyo ndiyo inapanga homoni zitoke lini. Giza likiingia, tezi ndogo iitwayo pineali inatoa melatonini, ambayo kazi yake ni kuutangazia mwili kwamba usiku umefika. Yenyewe haikulazi kama dawa, ni mpiga mbiu tu. Mwanga mweupe wenye ubuluu, kama hizo taa zenu, unamnyamazisha. Kortisoli nayo inakuwa chini kabisa karibu na usiku wa manane, inapanda alfajiri ili uamke ukiwa na nguvu. Homoni ya ukuaji, inayosaidia kukarabati misuli, inatoka kwa wingi kwenye usingizi mzito wa saa za mwanzo.

Sasa tazama maisha yako. Usiku kucha uko kwenye mwanga, unaivuta saa isogee mbele, ichelewe. Asubuhi unatoka mwaloni na jua la ziwa usoni, linang'aa juu na kwenye maji, lina nguvu mara nyingi kuliko taa zako zote ukizijumlisha. Hilo jua linairudisha saa nyuma. Usiku unavuta, asubuhi unavutwa. Ndiyo maana wengi wetu wa usiku mwili hauzoei moja kwa moja hata ukifanya miaka ishirini. Unabaki katikati.

Halafu mwezi unajaa, unaiambia saa hiyo hiyo igeuke siku moja iwe ya mchana. Haiwezi. Ukiijalia inasogea kama saa moja kwa siku. Wewe unaidai saa saba, nane. Yaani ni kama umepanda ndege kutoka hapa mpaka New York, na mapumziko yako ni siku nane. Hesabu mwenyewe: siku ambayo mwili ungekuwa umefika, ndiyo siku giza linaanza na wewe unasukuma mtumbwi. Kila mwezi, miaka kumi na saba. Saa nne usiku unapojilaza, kwa mwili wako ni alasiri. Saa moja asubuhi mama watoto anapokutikisa, kwa mwili wako ni usiku wa manane. Uji kichwani ni haki yake.

Kwa hiyo kinachokuumiza ni kugeuka geuka kuliko usiku wenyewe. Mimi ilinichukua miaka saba kulielewa hilo. Siku zangu za mapumziko nilikuwa naamka saa kumi na mbili nifue, nipike, niende jumuiya, nionekane mke mwema. Siku zangu za hedhi zikavurugika, nikanenepa, nikawa nagombana na kila mtu mpaka mchungaji.

Watafiti wa kazi za usiku wana kitu wanachokiita usingizi wa nanga, jina ambalo wewe hutahitaji kufafanuliwa. Chagua saa chache ambazo utakuwa umelala kila siku ya Mungu, giza au mwezi. Nyingine zinaweza kuyumba huku na huku, hizo haziguswi. Kwako mimi ningesema saa mbili mpaka saa nne asubuhi, tano ikiwezekana. Wiki za giza unalala saa mbili asubuhi mpaka saa nane mchana. Wiki ya mwezi usijilaze saa nne usiku ukateseke, lala saa nane usiku, uamke saa nne au tano asubuhi. Huko Chicago Charmane Eastman na wenzake walipima mpango wa namna hii kwa watu wa zamu: siku za kazi na za mapumziko zinakutana katikati, na saa ya mwili inaachwa ipumue.

La pili, miwani myeusi. Ukitoka mwaloni asubuhi vaa miwani ya jua mpaka nyumbani, kofia juu yake. Chumba kiwe giza la mtumbwi. Ila kama unaendesha pikipiki mwenyewe huku unasinzia, usivae, panda kama abiria. Nimeshapokea wengi waliosinzia barabarani.

Kahawa na vile vinywaji vya kopo vinavyowaka kifuani, acha baada ya saa nane usiku. Nusu ya kahawa bado iko mwilini baada ya saa tano au sita.

Piriton acha. Inakulewesha zaidi ya kukulaza, na ulevi wake unakufuata mpaka ziwani. Kwa mzee ndiyo usimpe kabisa. Dawa za aina hiyo zinachanganya akili za wazee na kumbukumbu zao. Na muulize mama watoto kama unakoroma na kukata pumzi usingizini. Kama ndiyo, hilo ni jambo jingine, nenda hospitali.

MamaMakarai (saa 7:15 mchana)

Nesi umesema vizuri, lakini nacheka. Alale mpaka saa tano asubuhi wiki ya mwezi? Usukumani? Ukweni wakipita wakute mwanaume amelala jua liko utosini, hicho kikao kitaitishwa na mimi nitaalikwa.

Mwanangu mvuvi, mimi ni wa Kirumba mwaloni, naamka saa tisa usiku miaka ishirini na mbili, nawapokea nyinyi. Najua sura zenu asubuhi. Mvuvi wa wiki ya kwanza ya giza namjua kwa macho, wa wiki ya pili namjua kwa hasira.

La kwangu ni la tumbo. Nyinyi mnabeba ugali mkubwa na samaki mnakula saa nane usiku mkisubiri dagaa wajae. Kisha mnakuja mnanunua chapati tano na soda, kisha mnalala. Kitambi unauliza kimetoka wapi? Nimekiona kinapita mbele ya meza yangu kila asubuhi.

MvuviWaGiza (saa 10:30 jioni)

Shikamoo mama. Umenishika pabaya. Zilikuwa chapati nne lakini.

MamaMakarai (saa 10:41 jioni)

Marahaba mwanangu. Tano. Mimi ndiye nauza.

MwlViumbe (saa 2:10 usiku)

Nafundisha baiolojia sekondari, Nyegezi. Mama kapatia kuliko anavyodhani. Ini na kongosho navyo vina saa zake, na saa hizo zinafuata chakula kuliko mwanga. Kongosho la usiku ni mvivu wa kutoa insulini, sukari ya ule ugali inabaki kwenye damu muda mrefu zaidi. Mwaka 2021 ilichapishwa kazi ya Marekani iliyowaweka watu 19 kwenye maabara wakiigiza zamu ya usiku. Waliokula usiku sukari yao ilipanda, waliokula mchana tu haikupanda, ingawa wote walikesha sawa. Kwa hiyo kula ushibe kabla ya kusukuma mtumbwi, usiku chukua kidogo, hata karanga, na chapati zipungue.

Ile njaa ya saa tisa nayo ina maelezo. Usingizi ukipungua, leptini inayosema "nimeshiba" inashuka na grelini inayosema "leta" inapanda. Huna ulafi, una vipaza sauti viwili vinavyodanganya.

Na la chumbani, kwa kuwa umelileta kwa heshima: mwaka 2011 Rachel Leproult na Eve Van Cauter wa Chuo Kikuu cha Chicago waliwalaza vijana kumi wenye afya saa tano tu kwa usiku, wiki moja. Testosteroni yao ya mchana ilishuka kwa asilimia 10 mpaka 15. Wiki moja, vijana. Kabla hujanunua mizizi ya barabarani, tafuta usingizi.

Sasa seli za ubongo. Yule kijana wa dukani kasema nusu ya kweli, na nusu ya kweli ndiyo inayouza dawa.

Mwaka 2014 Sigrid Veasey na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania waliwakesha panya kwa ratiba inayofanana na zamu. Kwenye shina la ubongo kuna kikundi cha seli kinachotufanya tuwe macho na makini. Baada ya siku chache tu, karibu robo ya seli hizo zilikuwa zimekufa. Ilishtua watu, kwa sababu kabla ya hapo tulidhani usingizi unaodaiwa unalipika. Lakini ni panya. Kwa binadamu hakuna aliyehesabu seli hizo akaonyesha zimekufa kwa kukesha, kwa hiyo mtu asikuambie kila usiku unaokesha unazika kipande cha ubongo.

Jingine utalisikia sana, la kuoshwa kwa ubongo. Mwaka 2013 timu ya Maiken Nedergaard ilionyesha kwamba panya akilala, nafasi kati ya seli za ubongo zinapanuka kwa karibu asilimia 60, maji ya ubongo yanapita na kuondoa taka, ikiwemo protini ya beta-amiloidi inayorundikana kwa wagonjwa wa Alzheimer, ule ugonjwa wa kusahau. Maelezo yakapendwa mno. Mwaka 2024 watafiti wa London wakapima kwa njia nyingine wakaona kinyume, uoshaji unapungua usingizini. Sasa wanabishana, na mimi huwaambia wanafunzi wangu sayansi ikibishana iko hai. Kisichobishaniwa sana ni hiki: mwaka 2018 watu 20 walikeshwa usiku mmoja, wakapigwa picha za ubongo, na amiloidi ilikuwa imeongezeka hasa eneo la kumbukumbu. Kwa watu wengi na muda mrefu, Waingereza karibu 8,000 walifuatiliwa miaka 25. Waliokuwa wakilala saa sita au pungufu wakiwa na miaka 50, 60 na 70 walikuwa na hatari ya ugonjwa wa kusahau iliyo juu kwa karibu asilimia 30 kuliko waliolala saa saba. Hatari kupanda haina maana kila mmoja aliugua.

Lililokaribu zaidi nawe lilitoka Ufaransa mwaka 2014. Wafanyakazi zaidi ya 3,000 walipimwa kumbukumbu na wepesi wa kufikiri. Waliokuwa kwenye zamu za kugeuka geuka kwa miaka kumi au zaidi walionekana kama wamezeeka kichwa miaka sita na nusu zaidi ya umri wao. Sita na nusu ni mingi, sikufichi. Ila waliokwisha kuacha zamu kwa miaka mitano au zaidi, vichwa vilikuwa vimerudi. Seli iliyokufa hairudi hivyo. Kwa hiyo sehemu kubwa ya ule uji wako ni ubongo uliochoka na kuchanganywa saa, siyo ubongo uliokufa. Dumu la petroli lilisahauliwa na mtu aliyekuwa nusu usingizini.

Usiogope pia kwa sababu hulali kwa saa nane kamili kama wanavyosema redioni. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi walipimwa kwa vifaa vya kuvaa mkononi pamoja na jamii nyingine mbili za wawindaji, matokeo yakatoka mwaka 2015. Wastani wa usingizi wao ulikuwa kati ya saa 5.7 na 7.1, na afya zao nzuri. Kazi nyingine iliyofuata kwa Wahadzabe 33 ilikuta kwamba kwa siku 20, ni dakika 18 tu ambazo watu wazima wote walikuwa wamelala kwa pamoja. Siku zote kuna aliye macho. Kwa hiyo kukesha hatukuletewa na taa za Kichina. Wao tu hawageuzi ratiba kila mwezi.

(Ukipata muda ziwani, fikiria hili: dagaa naye ana ratiba, mchana yuko chini, usiku anapanda juu kula. Miaka kumi na saba umekuwa ukiishi kwa saa ya samaki.)

Kuhusu mzee siwezi kusema dagaa ndiyo waliomla. Wapo waliolala vizuri maisha yote wakapata, wapo waliokesha hawakupata. Mtu mmoja hatoshi kuthibitisha kitu.

NesiWaZamu (saa 3:00 usiku)

Niongeze la mzee, nilirukia la kijana nikamsahau baba yake.

Huko kuhangaika jua likizama tunakuona sana. Ugonjwa wa kusahau unaingia mpaka kwenye ile saa ya ubongo, seli zake zinapungua, mchana na usiku vinakosa mpaka. Kwa hiyo mshale unaelekea pande zote mbili: usingizi mbovu unaumiza ubongo, na ubongo ulioumia unaharibu usingizi. Anapouliza taa, hafanyi kichaa na asije mtu akasema amelogwa. Kwake ni saa ya kwenda kazini.

Mpeleke apimwe kwanza. Presha, sukari, damu, tezi ya shingo, macho, masikio. Baadhi ya kusahau kwa wazee kuna chanzo kinachotibika, na hatutajua tukimwacha uani. Halafu asubuhi mtoe nje kwenye mwanga, kila siku, akiwa na kitu mkononi cha kufanya. Mchana asilale mpaka jioni. Jioni nyumba iwe na mwanga wa kutosha kabla giza halijamkuta.

Usimkatalie kwamba yeye si mvuvi tena. Mjibu swali alilouliza.

MvuviWaGiza (wiki tano baadaye, saa 6:20 mchana)

Wakuu nimerudi. Mwezi umejaa, niko nyumbani, nimeamka saa nne na nusu na hakuna kikao kilichoitishwa bado.

Miwani nilinunua Makoroboi elfu tano. Siku ya kwanza mwaloni waliniita msanii, wakaniuliza albamu inatoka lini. Wiki ya pili wawili wameniuliza nilinunua wapi.

Chumba kilinishinda. Nilipiga blanketi dirishani, bati likageuka tanuri, saa tano nimelowa jasho. Nikahamia nyumba ya mzee, ile ya udongo na nyasi aliyokataa tusiibomoe. Ndani baridi, kijidirisha kimoja, ukikiziba na gunia hujioni mkono. Sasa nalala humo saa mbili na nusu mpaka saa nane, siku nyingine saa nane na nusu. Sijapata usingizi wa namna ile tangu nioe.

Chapati zimebaki mbili, mama shahidi. Nakula ushibe saa kumi na moja jioni kabla ya kutoka. Kitambi bado kipo, sidanganyi. La chumbani, tuseme sijaleta tena malalamiko.

Wiki hii ya mwezi ilikuwa ngumu kwa namna nyingine. Kukaa macho mpaka saa nane usiku bila kazi ni adhabu. Mama watoto anasema nakula umeme. Nashona nyavu chini ya balbu moja ya manjano, saa nane macho yanashuka yenyewe. Siku mbili nilishindwa: Jumapili kwa ajili ya kanisa, na siku ya msiba kwa jirani. Siku ya msiba ule uji ulirudi, lakini ulikaa kutwa moja, haukukaa wiki. Nanga ilishika.

Mzee tumempeleka. Presha ilikuwa juu na hakuna aliyejua, ameanza dawa. Vipimo vingine tunarudi mwezi ujao. Kuhusu kusahau daktari aliongea kwa upole lakini nilimwelewa.

Kwa kuwa naamkia kwake, nikitoka ndani namkuta nje. Nimempa sindano na uzi. Sikutegemea kitu. Jina langu huwa linampotea, lakini mikono yake inafunga fundo la wavu haraka kuliko mimi, na akiona tundu nimeliruka ananipiga kibao cha mkono. Tunakaa juani hivyo mpaka saa sita.

Jioni bado anauliza. Juzi alisimama mlangoni, "Taa ziko wapi?" Nikakumbuka maneno ya Nesi, nikamwambia, "Mwezi umejaa mzee, leo hatutoki." Akatoka, akautazama, akarudi kukaa. Ndiyo ilikuwa mwisho wa mahangaiko kwa usiku ule.

Nesi, giza linaanza wiki ijayo na jioni mimi sitakuwepo. Mwezi nao hautakuwepo wa kumwonyesha. Nani atamjibu na atamwambia nini?

NesiWaZamu (saa 10:05 jioni)

Una mtoto anayekaa na babu jioni? Mpe yeye kazi hiyo. Ajibu kifupi, bila kubishana, na jibu liwe la kweli.

MvuviWaGiza (siku tisa baadaye, saa 2:50 asubuhi)

Nimempa wa darasa la nne. Jana natoka na mzigo mgongoni, jua linazama, nikamsikia mzee nyuma yangu ameanza, "Taa ziko wapi?"

Mtoto akamwambia, "Baba ameshazichukua, babu."

Mzee akauliza, "Na petroli?"

"Na petroli."

Ikabidi nisimame njiani niangalie dumu. Lilikuwepo.